Kabla hujamaliza jicho

Wadogo zangu, wiki hii nimepita nyuma ya kanvasi zenu moja moja. Uso katikati, jicho la kushoto limekwisha hadi kope, na mwili mzima bado ni mistari miwili ya mkaa. Nimeguna, nikaenda kuketi. Naandika haya ya kupanga picha kwa sababu nikisema mbele ya kazi ya mtu atasikia lawama tu, na mimi nina haraka ya kuwaona mmevuka hapo nilipokwama.

1. Anza na michoro midogo. Sita, kila mmoja ukubwa wa kiberiti, kwa toni tatu: giza, wastani, nuru. Picha isiyosomeka ikiwa ndogo hivyo haitasomeka ukiikuza.

2. Jicho la mtazamaji halijali ulitokwa jasho wapi. Linakimbilia penye tofauti kubwa ya nuru na giza. Hili nililikariri mapema, nikaja kulielewa kwa uchungu.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa picha ya mzee mmoja ameketi kando ya dirisha, rangi za mafuta. Nilianza na macho. Nikakaa na ule uso wiki tano: mikunjo, ndevu, unyevu wa kope. Dirisha nililipaka alasiri moja, nyeupe tupu kutoka kwenye tyubu, na fremu yake nyeusi, likiwa limegusa ukingo wa kulia. Ukuta nyuma ya mzee nikaupa kahawia iliyokaribiana na ngozi yake. Siku zikawa zinakwenda na uso hautoki. Dawa yangu ikawa kuongeza mikunjo. Hautoki, naongeza tena. Nilifika mahali nachora unywele mmoja mmoja saa nane za usiku, pua yangu karibu iguse kanvasi, na sikurudi nyuma hata hatua tano kuitazama picha nzima.

Siku ya kukabidhi, binti yake alisimama mbele ya picha, akanyamaza, kisha akasema, "Dirisha limetoka vizuri." Alisema kwa wema kabisa. Nikayafuata macho yake: yalikwenda dirishani, yakatokea nje kupitia ukingo, na kila alipomrudia baba yake ilimbidi ajilazimishe. Mzee hakusema kitu. Picha waliichukua. Ule ulikuwa uso bora kuliko zote nilizokuwa nimechora, na niliufukia kwa mkono wangu.

Ningelizima dirisha kwa kijivu, au ningelisogeza nyuma ya kichwa chake ili weupe uleule umchore yeye. Kwenye mchoro mdogo wa ukubwa wa kiberiti hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Na kufuta mnakuogopa mno. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa ile picha ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ya mwanamke anayemimina maziwa. Nyuma ya kichwa chake Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, akaufunika. Leo pale tunaona ukuta mtupu, na ndiyo maana tunamwona yule mwanamke.

3. Theluthi, yaani kuigawa picha sehemu tatu na kuweka kilicho kikuu kwenye mistari ya mgawanyo, si katikati. John Thomas Smith aliiandika kanuni hii mwaka 1797, akizungumzia picha za mandhari, nanyi mmeigeuza sheria ya kila kitu. Leonardo da Vinci alimweka Yesu katikati kabisa ya Karamu ya Mwisho, lakini mistari ya dari na kuta inakutana kichwani pake, na mitume wamekaa watatu watatu, makundi mawili kila upande. Nikiwauliza kwa nini uso wenu uko katikati, mnanitazama tu.

4. Ukingo ni sehemu ya picha. Lindo la Usiku, picha ya Rembrandt ya kikosi cha walinzi wa mji, ya mwaka 1642, ilikatwa mwaka 1715 ili ienee ukutani. Kipande kikubwa kilitoka kushoto, na wale viongozi wawili waliokuwa wamesogea kulia mwa kitovu wakajikuta karibu katikati. Mwaka 2021 vipande vilivyopotea viliundwa upya na kuwekwa pembeni kwa muda. Nilipotazama taswira zake niliona kikosi kimepata tena nafasi ya kuingia kwa miguu yake. Basi mkimkata mtu, msimkatie kwenye kifundo cha mguu.

5. Geuza picha juu chini, itazame kwenye kioo, fumba macho nusu.

Na wewe wa kanvasi ya wima, pale mwisho: ule uso ni mzuri, nimeurudia mara tatu. Usiuguse tena. Shughulikia kile kitambaa cheupe pembeni kushoto, leo kabla rangi haijakauka.