Nauza Toyota 86 yangu Kisumu: niitishe pesa ngapi?

SWALI: Hujambo fundi. Ninaishi Milimani, Kisumu. Katikati ya 2024 niliagiza Toyota 86 ya mwaka wa 2018 kutoka Japani, nyeupe, gia ya mkono. Ilifika na kilomita 31,000, sasa ina 38,400. Bei ya Japani, meli, ushuru na wakala wa bandarini vilinigharimu Sh3.9 milioni, kisha nikaongeza springi za kushusha gari, ekzosi na rimu za Sh280,000. Mwezi wa nane natarajia mtoto na gari la milango miwili halitatufaa tena. Broka wa hapa mjini ananipa Sh2.4 milioni taslimu. Ripoti ya mthamini wa bima inasema Sh3.8 milioni. Yadi moja ya Nairobi imetangaza ya 2017 kwa Sh3.6 milioni. Nimwamini nani? Na mnunuzi akipatikana, nifanyeje nisiibiwe?

JIBU: Sijambo dada, na hongera kwa mgeni anayekuja. Nimekuwa nikithamini magari hapa Nakuru miaka mingi, na swali lako nalipata kila mara, ila wengi huja kuniuliza wakiwa wameshauza.

Hao watatu wamekupa majibu ya maswali matatu tofauti. Ripoti ya bima inasema utalipwa ngapi gari likiungua usiku wa leo, na ndani yake rimu na ekzosi zimehesabiwa. Broka anakueleza bei ambayo hawezi kupata hasara. Anajua Kisumu hana mteja wa gari kama hilo, kwa hivyo atalipeleka Nairobi, alipie mafuta na kulilaza mahali, kisha aweke cha juu chake. Nayo yadi imekuonyesha bei inayotamani, maana bado hakuna aliyelipa hizo Sh3.6 milioni. Weka tarehe ya lile tangazo. Wiki sita zikipita na gari bado lipo, soko limeshaikataa bei hiyo na huna sababu ya kuifuata.

Kisha kuna ile Sh3.9 milioni yako. Najua inauma, lakini iweke kando kabisa. Mnunuzi hatakurudishia ulichotumia. Anachopiga hesabu kichwani ni kimoja: nikiagiza mwenyewe leo, itanifikia Kisumu kwa ngapi? Hesabu hiyo ifanye wewe kwanza, kwa kalamu na karatasi.

Anza na ushuru. KRA hawatozi kwa bei uliyonunulia mnadani. Wanachukua bei ya rejareja ya modeli hiyo kwenye orodha yao, wanaipunguza kulingana na umri wa gari, wanatoa kodi zilizomo ndani yake, na hapo ndipo wanapopata thamani ya forodha. Tuchukue thamani ya forodha ya Sh1 milioni ili hesabu iwe rahisi. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Sh350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli inayozidi sisi 1500 lakini haizidi 3000 ni asilimia 25 ya thamani hiyo pamoja na ushuru wa forodha, Sh337,500. VAT ya asilimia 16 juu ya vyote inaleta Sh270,000. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, Sh45,000. Jumla ni Sh1,002,500. Kwa injini yako ya sisi 1998, basi, kila milioni ya thamani ya forodha huzaa karibu milioni nyingine ya ushuru. Juu yake weka bei ya Japani, meli, wakala, usajili na namba, na kulileta kutoka Mombasa.

Lakini utalinganisha na gari gani? Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteleza. Kanuni inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane inahesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza kule lilikotoka, kwa hivyo kuanzia Januari 2026 gari la 2018 haliingii tena nchini. Mpinzani wako ni 86 ya 2019. Hilo lina pande mbili kwako. Mnunuzi atasema yako ni nzee kwa mwaka mmoja, na ni kweli. Lakini gari jipya zaidi hupunguziwa kidogo kwenye orodha ya KRA, kwa hivyo ushuru wake ni mkubwa zaidi, na GR86 yenye injini ya lita 2.4 iliyokuja baadaye ni ghali zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, mlango wa magari ya rika lako umefungwa na anayelitaka hana budi kulitafuta humu humu nchini.

Tuseme umepiga hesabu ukapata kwamba ya 2019, gia ya mkono, inafika Kisumu kwa Sh4 milioni. Toa mwaka mmoja wa umri. Toa kwa sababu atakuwa mmiliki wa pili hapa Kenya, jambo ambalo Wakenya wanalijali kuliko ninavyodhani linastahili. Kisha rudisha kidogo, kwa kuwa hatangoja meli miezi miwili au zaidi wala hatanunua kitu alichokiona kwenye picha tu. Kwa uliyonieleza, mimi ningetangaza Sh3,450,000, na kwa miezi mitatu ya kwanza nisishuke chini ya Sh3,200,000. Una muda hadi mwezi wa nane. Broka anakimbiza pesa ya haraka. Wewe hukimbizwi na mtu.

Springi, ekzosi na rimu usizihesabu. Mwenye kupenda 86 anataka kuiharibu kwa mkono wake mwenyewe, na akikuta umemtangulia anaanza kuwaza jinsi ulivyokuwa ukiiendesha. Kama vifaa vya kiwandani bado unavyo stoo, mwite fundi avirudishe, halafu uza ulivyotoa kimoja kimoja kwa vijana wa Subaru. Kuna sababu nyingine pia. Gari hili likitoka kiwandani lina nafasi ya milimita 130 tu kutoka chini hadi barabarani, na wewe umelishusha zaidi. Matuta ya barabara ya Busia unayajua. Mnunuzi makini atainama kuangalia chini kabla ya kuangalia rangi. Lipandishe kwenye jeki gereji, piga picha za chini, na kama kuna palipokwaruzwa mwambie kabla hajaona.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo ndilo litakalokupa bei au kukunyima. Utasema gari limetumika kidogo. Kila muuzaji nchini husema hivyo, na mita za kilomita zimerudishwa nyuma mara nyingi mno hata neno hilo limeisha thamani. Wewe una kitu ambacho wengi hawana: uliagiza mwenyewe. Tafuta karatasi ya mnada wa Japani, yenye gredi na kilomita. Gredi ya 4 au 4.5 inatosha kabisa. Kama imeandikwa R, maana yake liligongwa likatengenezwa, na hilo lazima uliseme na ushushe bei. Tafuta cheti cha ukaguzi uliofanywa Japani kabla gari kupakiwa melini, nacho kina kilomita. Tafuta na risiti zote za sevisi za hapa, zenye tarehe, kilomita na aina ya oili. Injini hii hutumia 0W-20, na risiti inayosema hivyo humtuliza mtu anayelifahamu gari. Zipange kwa tarehe kwenye faili moja. Nimeona magari mawili yanayofanana kila kitu yakipishana kwa laki tatu kwa sababu ya faili kama hilo, na kwa maoni yangu aliyelipa laki tatu zaidi ndiye aliyenunua kwa bei nafuu.

Kuna hofu mbili ambazo mnunuzi atakuja nazo kutoka mtandaoni. Ya kwanza ni springi za valvu. Toyota na Subaru, walioliunda gari hili pamoja, waliitisha magari mengi mwaka wa 2018 kubadilisha springi hizo, lakini ni yaliyotengenezwa 2012 na 2013. Lako halimo. Mwonyeshe namba ya chasisi na mwaka. Ya pili ni sauti. Injini ikiwa baridi, pampu ya petroli ya presha kubwa hugongagonga, na asiyeizoea hudhani ni valvu. Usilipashe moto kabla hajafika ili kuificha. Mwache aguse boneti baridi, aliwashe mwenyewe, asikie sauti ikibadilika injini inapopata joto. Fundi wake akitaka kupima kompresheni, mruhusu. Beringi ya klachi isikilize wewe kwanza: kanyaga klachi, achia, na kama kuna mlio unaokuja na kuondoka, tengeneza kabla ya kutangaza.

Ukipata mnunuzi wa Nakuru au Eldoret, mwombe aje alijaribu Kisumu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kisumu mko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret hupita 2,000. Mtu aliyezoea Subaru ya tabo akiijaribu 86 huko juu ataiona legevu na atakukata bei kwa kosa la hewa. Lakini akishaijaribu chini, mwambie ukweli wa kwao. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,200 na ushee, na uzuri wake uko kwenye kona. Mpeleke kutoka Mamboleo kupanda Riat mapema asubuhi kabla ya malori, na muda mwingi wa safari nyamaza.

Kisumu wanunuzi wa gari kama hili wanahesabika kwa vidole. Tangaza na Nairobi. Nakuru nako usikudharau: tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, na makao yake yakawa Naivasha humu kwenye kaunti yetu, simu za watu wanaotafuta magari ya namna hii huniongezeka wiki za kabla ya mashindano, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa Machi. Kuliweka kwenye yadi sikushauri, maana vijana wa yadi watalitembeza. Ukilazimika, andikiana nao bei ya chini, kamisheni, kilomita za siku lilipoingia, na nani ana bima likiwa kwao.

Kuhusu kuibiwa. Siku ya kulijaribu, piga picha kitambulisho na leseni yake kabla hajakaa kwenye usukani, na soma bima yako uone kama inamruhusu mtu mwingine kuendesha. Kaa ndani naye. Mkibadilishana viti, zima injini na ufunguo uwe mkononi mwako. Usiende peke yako, hasa katika hali uliyo nayo. Mchukue kaka au shemeji.

Pesa nyingi hivyo haziji kwa M-Pesa, ambayo ukomo wake ni Sh250,000 kwa muamala mmoja. Cheki pia haipiti ikizidi Sh1 milioni. Kwa hivyo ni RTGS, benki hadi benki. Fanyieni makaratasi kwenye tawi la benki yako, siku ya kazi, asubuhi. Ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia si pesa, na karatasi aliyopigiwa muhuri na benki yake si pesa pia. Muulize karani wa benki yako kama zimefika na kama unaweza kuzitoa. Ufunguo utoke mfukoni mwako baada ya jibu hilo.

Mkataba uandikwe na wakili, wenye nakala za vitambulisho na PIN za KRA, namba ya chasisi na ya injini, kilomita, na saa mliyokabidhiana. Hiyo saa usiiache. Kisha anzisha ubadilishaji wa jina kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, naye akubali kwa akaunti yake hapo hapo mbele yako. Watakuwepo wa kukuambia, “Dada, nipe tu logibuku, jina nitabadilisha baadaye.” Kataa. Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na inampa mmiliki mpya siku 14 tu kulitumia barabarani kabla ya kuandikishwa. Mteja wangu mmoja wa Nakuru aliuza kwa mtindo huo wa baadaye. Miezi saba ikapita, akaitwa kituo cha polisi kwa ajali iliyotokea mji ambao hajawahi kukanyaga, na alichokuwa nacho mkononi ni namba ya simu isiyopatikana. Ilimchukua karibu mwaka kujinasua.

Kama ulikopa benki, logibuku ina jina lao pia, na lazima waliondoe kwanza. Anza hilo wiki hii, kwa sababu mnunuzi mwenye pesa hatangoja barua.

Na siku ileile jina likibadilika, iandikie kampuni ya bima ufute bima na udai salio la miezi iliyobaki. Bima hiyo ni yako, haimfuati mnunuzi, na salio lake huenda likatosha kununua kiti cha mtoto cha gari lijalo.