Koti la Dunkirk, nishani iliyong'arishwa na nondo kwenye kofia

Mwezi huu maswali ya sare za kale na vitu vya jeshi yamejaa, tujibu tunayoweza.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nimenunua lile koti fupi la sufu la jeshi la Uingereza, linaloishia kiunoni. Muuzaji kaniapia aliyelivaa alikuwepo Dunkirk, ile bandari ya Ufaransa walikohamishwa askari wa Uingereza 1940, na kweli ndani kuna lebo ya 1940. Jamaa yangu anasema nimepigwa. Si lebo inatosha? Picha hizo hapo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Koti ni orijino kwa jinsi ninavyoliona, ila hadithi yake ndio feki. Isome lebo tena polepole, haikuandikwa 1940 tupu, imeandikwa "1940 Pattern", na hilo ni jina la aina ya mshono tu, sio mwaka lilioshonwa. Mwaka wenyewe uko chini karibu na jina la kiwanda, na kwenye picha yako nausoma 1943. Halafu tazama mbele: vifungo viko nje vinaonekana vyote, mifuko ya kifuani ni bapa haina rinda. Mshono huo Waingereza waliuanza 1942 kubana matumizi ya kitambaa na muda wa mafundi, kabla ya hapo vifungo vilifichwa chini ya kitambaa na mifuko ilikuwa na rinda, sasa Dunkirk watu walishamaliza kuhamishwa mwanzoni mwa Juni 1940, hilo koti lilifikaje? Tafuta pia kialama kama unyayo wa kuku, ule ni mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Ukiukuta una koti zuri la vita, lihesabu hivyo na hadithi mrudishie mwenyewe. Mimi hadithi silipii hata senti labda ije na karatasi, kitabu cha mshahara, picha, barua, kitu chenye jina na namba ya askari.

SWALI: Nimemulika gwanda la marehemu babu kwa tochi ya kukagulia noti bandia, beji ya begani haikuwaka ila nyuzi zilizoishikilia zimewaka bluu vibaya sana. Ina maana babu alitudanganya?

JIBU: Hapana, usimsingizie marehemu. Kinachowaka ni dawa ya kung'arisha weupe ambayo ilienea kwenye sabuni za unga na nyuzi baada ya Vita vya Pili, kwa hiyo ukiona kitu kinawaka, ujue ama ni kipya ama kimefuliwa na sabuni ya kisasa. Lakini kwako beji haijawaka, zimewaka nyuzi peke yake, hapo hakuna sabuni hapo kuna fundi, beji imeshonwa upya baadaye. Nani kaishona na lini tochi haisemi, inawezekana hata bibi aliirudishia ilipolegea. Geuza upande wa ndani uangalie kama kuna matundu ya zamani ya sindano yanayofuata ukingo wa beji ile ile. Yakiwepo na yakalingana, kuna uwezekano mkubwa beji ilikuwa hapo tangu zamani. Na tafadhali usiifumue ili "kuishona vizuri".

SWALI: Kaka, nimesugua nishani ya babu ya Vita Kuu ya Kwanza kwa dawa ya kung'arishia shaba, imependeza ila maandishi ya ukingoni yanafifia. Niendelee au nimpelekee sonara?

JIBU: Acha!! Weka kitambaa chini. Ile nishani ya Uingereza ya 1914 hadi 1918 imechorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari, na hayo ndiyo babu yako mwenyewe, kichwa cha mfalme kilichoko mbele kila mtu anacho. Dawa za kung'arisha zina chembe za kusaga, kila ukisugua unakula metali kidogo. Siwacheki, niliwahi kung'arisha beji ya kofia ikang'aa kama kijiko, mtu akaitazama sekunde mbili akanirudishia. Ifute vumbi tu na kitambaa laini kikavu, ishike kwa kingo ukiwa na glavu. Halafu wengi mnaniuliza nyota za Vita vya Pili, yaani nishani zenye umbo la nyota, zisizo na jina, hizo sio feki, Uingereza iliwapa askari wake bila kuzichora, ila walizopewa wa Australia na Afrika Kusini zilichorwa majina.

SWALI: Nondo wameanza kutoboa kofia ya sufu, niweke vidonge vya nondo?

JIBU: Vidonge vile vinanuka miaka na vingine vinaharibu plastiki, mimi siviweki. Igandishe: ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, ukiitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili maana unyevu utatua kwenye kitambaa badala ya kutua nje ya mfuko. Kama ina ukanda wa ngozi, plastiki au sehemu iliyopakwa rangi, hiyo usiigandishe, muulize mhifadhi wa makumbusho. Baadaye ijaze karatasi isiyo na asidi isibonyee, na hewa ipite.

SWALI: Maski ya gesi ya vita bado inaziba vizuri, watoto wanaichezea, kuna shida?

JIBU: Wanyang'anye leo. Vichujio vingi vya enzi hiyo vina asbesto ndani.

SWALI: Kwenye sanduku la vyombo vya mzee kuna guruneti, limeota kutu, nadhani ni tupu.

JIBU: Unadhani. Usiliguse, usilitikise, na usilibebe kwenye gari kulipeleka kituoni, toeni watu ndani ya nyumba muwapigie polisi, wao ndio waje.