Kuomba tena ruzuku ya makao: kwa wanaoanza kazi hii Uganda

Umeajiriwa juzi kwenye makao ya watoto wa mitaani, au kwenye nyumba ya muda ya kina mama waliotolewa walikokuwa wamepanga, na bosi amekuwekea faili mezani: ruzuku inaisha Juni, andika maombi ya kuihuisha. Usikimbilie kompyuta. Chukua daftari la wanaolala, ulisome tangu mwaka wa fedha ulipoanza, jina kwa jina, na kwa kila jina jiulize kama unaweza kumweleza mtu asiyekujua kwamba huyu aliondoka lini na leo analala wapi. Yale majina utakayokwama ndiyo yatakayokula muda wako, kuliko andiko lenyewe.

Anayesoma maombi ya pili hayasomi kwa jicho alilosomea ya kwanza. Yale ya kwanza yalikuwa ahadi, na ahadi nzuri huandikwa na yeyote mwenye Kiingereza kizuri. Haya ya sasa yana historia nyuma yake: taarifa zako za kila robo mwaka ziko kwenye faili lake, pamoja na hoja za mkaguzi wa hesabu. Anataka kujua kama fedha zilizotoka zilimtoa mtu barabarani na kama mtu huyo hajarudi huko.

Wengi wanaoingia kazini wanadhani makao yaliyojaa ndiyo sifa. Wanaandika kwa fahari kwamba vitanda vyote arobaini vina watu mwaka mzima. Hapa Uganda sentensi hiyo inaweza kukuangusha. Tangu 2012 serikali ina mwongozo wa malezi mbadala unaosema mtoto akae kwanza na wazazi wake, ikishindikana ndugu, ikishindikana familia nyingine, na taasisi iwe ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi. Afisa wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii akisikia kwamba vitanda vimejaa watoto wale wale tangu Julai, anaelewa kwamba umefungua bweni.

Wala si huku kwetu tu. Marekani, ambako fedha za serikali kuu kwa wasio na makazi hutoka chini ya sheria ya McKinney-Vento ya 1987, kila eneo hushindania fedha hizo hata kama ni za kuendeleza mradi uliopo tayari, na linapimwa kwa maswali ya namna hiyo hiyo: watu walikaa muda gani bila nyumba, wangapi walipata makazi ya kudumu, wangapi walirudi mitaani baadaye. Ukipata fedha za umma kutoka nje, ziwe za Umoja wa Ulaya au za nchi moja moja, jiandae kuulizwa hayo. Na tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, usitegemee kwamba mfadhili wa mwaka jana ndiye wa mwaka ujao.

Turudi kwenye daftari, maana hapo ndipo penye kazi. La makao mengi lina safu ya kuingia na safu ya kutoka, basi. Ongeza ya nani alimleta, kama ni polisi, LC (baraza la serikali ya mtaa) au alijileta mwenyewe. Ongeza alikabidhiwa kwa nani na kwa barua ipi, simu ya mwenyekiti wa LC1, yaani LC ya kijiji, wa huko alikokwenda, na nafasi ya kuandika ufuatiliaji wa mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Usimdharau huyo mwenyekiti. Shangazi wa mtoto hubadilisha laini ya simu leo na kesho, lakini namba ya mwenyekiti kijiji kizima kinaijua, naye haibadilishi ovyo. Mpigie kwa adabu: "Shikamoo mzee mwenyekiti, naulizia yule kijana wetu tuliyemleta kwako mwezi wa nane." Mara nyingi atakwenda kuangalia mwenyewe na kukupigia jioni. Mrudishie fedha ya muda wa maongezi, uiandike kwenye hesabu.

Mfano mgumu kuliko yote ni Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Watoto wengi unaowaona wakiomba kwenye taa za barabarani Kampala wametoka huko, hasa wilaya ya Napak. Serikali yenyewe imekuwa ikiwaondoa mitaani na kuwapitisha kwenye vituo vya Kampiringisa au Masulita, wengine hadi Kobulin, huko huko Napak. Na kila aliyefanya kazi hii anajua kwamba mtoto anaweza kushushwa kwa mama yake Napak na akaonekana tena Katwe, Kampala, kabla taarifa yako haijachapwa. Kilichomtoa nyumbani ni njaa, mvua iliyokosa, wizi wa mifugo, na watu wazima wanaofaidika na sarafu anazookota. Kumpandisha basi hakujaondoa hata kimoja kati ya hivyo. Tena kwa sheria ndogo ya ulinzi wa watoto iliyopitishwa na jiji la Kampala mwaka 2019, kumpa mtoto wa mtaani fedha au chakula barabarani ni kosa. Kwa hiyo usiandike kwamba wafanyakazi wako hugawa chakula usiku barabarani bila kueleza mmeelewana vipi na ofisi ya jiji.

Basi usiandike "watoto thelathini wameunganishwa na familia zao" ukaishia hapo. Tuseme hali halisi ndiyo hii: thelathini walirudishwa; baada ya miezi sita ishirini na mmoja wako nyumbani, sita wamerudi mjini, watatu hawapatikani. Andika hivyo hivyo. Kisha eleza kilichowarudisha wale sita na mtakachobadilisha safari hii, labda ada ya shule, labda mbuzi wawili wa mama. Wakurugenzi huogopa namba za namna hii, na utasikia ukiambiwa "tutaonekana tumeshindwa". Shikilia msimamo kwa upole. Msomaji aliyepitia maombi mengi akikuta mafanikio ya mia kwa mia, anajua hakuna aliyepiga simu.

Kuna na hesabu ya chakula, ambayo wageni hawaitazamii. Ukisema unalisha watoto arobaini kila siku, na kila mmoja anakula nusu kilo ya posho, yaani unga wa mahindi, hizo ni kilo ishirini kwa siku na kilo mia sita kwa mwezi, mbali na maharage. Risiti zikionyesha kilo mia tatu na hamsini, msomaji mjanja atagawanya mwenyewe na kupata watoto wasiozidi ishirini na wanne. Pengine watoto wako walikuwa arobaini kweli, ila kanisa la jirani lilileta magunia ambayo hakuna aliyeyaandika. Msaada wa chakula uandikwe siku ulipoingia, na aliyeuleta atie sahihi. Kazi ya dakika chache, na inakuondolea maswali ambayo miezi tisa baadaye huwezi tena kuyajibu.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Hotuba ya bajeti husomwa Juni, redio zote zinaitangaza, ndiyo maana watu hudhani Juni ndio wakati wa kwenda kuomba. Juni chakula kimeshapakuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inazitaka taasisi ziwe zimewasilisha mwelekeo wa bajeti zao Wizara ya Fedha ifikapo 15 Novemba. Mwelekeo wa taifa unafika Bungeni kabla ya mwisho wa Desemba, makadirio kamili ifikapo 1 Aprili, na Bunge linapaswa kuyapitisha ifikapo 31 Mei. Kama unataka wilaya iendelee kukulipia chakula au mshahara wa mlezi mmoja, jambo hilo liwe limesemwa kwenye vikao vya parishi na sabukaunti, ngazi za utawala zilizo chini ya wilaya, Septemba na Oktoba, namba zikiwa bado zinaandikwa kwa penseli. Mtu wako ni CDO, afisa maendeleo ya jamii. Yeye ndiye anayeingia kwenye kamati ya wataalamu ya kupanga, na hawezi kukutetea kwa takwimu ambazo hujampa. Mpelekee ukurasa mmoja, asikuombe.

Kalenda hiyo ina upande wa pili. Fedha ya bajeti isiyotumika hadi 30 Juni hurudi hazina. Ukiwa na kiasi kikubwa kimelala benki mwezi wa tano kwa sababu ununuzi wa magodoro umekwama kwenye sahihi, hukupoteza magodoro tu. Umemwonyesha mwenye fedha kwamba hukuzihitaji. Pitia matumizi Februari, uombe kuhamisha fungu kwa barua mapema.

Kuhusu mlango wa kubisha, nitasema kwa ufupi lakini usipite haraka, kwa sababu nimeona maandiko mazuri yakikaa kwenye ofisi isiyo yake. Watoto wa mitaani ni Wizara ya Jinsia, na wilayani ni afisa ustawi wa jamii, yule wanayemwita probesheni. Waliopoteza nyumba kwa maafa ni ofisi ya Waziri Mkuu: ndiyo iliyoanza kuwahamishia waathirika wa maporomoko ya Mlima Elgon kwenye nyumba za Bunambutye, Bulambuli, mwaka 2019. Wakimbizi nao wako chini ya ofisi hiyo, kwenye idara yao, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Nyumba yako ikiwa na mama Mkongomani na wanawe, familia iliyokimbia maporomoko na kijana wa Napak, usiwaweke wote kwenye sentensi moja ya "wahitaji". Watenge kwenye jedwali, kila kundi na ofisi yake.

Vibali havina ladha ila ndivyo vinavyotupa maombi kapuni kabla hayajasomwa. Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 2016 inataka kibali ambacho hakizidi miaka mitano, idhini ya kamati ya usimamizi ya wilaya, na mkataba wa maelewano na serikali ya eneo unalofanyia kazi. Ukihamisha makao kutoka Makindye kwenda Wakiso, ule mkataba wa Kampala haukufuati. Makao ya watoto yanahitaji pia idhini yake ya wizara chini ya sheria ya watoto, na kila mtoto awe na faili linaloonyesha anakaa pale kwa amri gani. Andika tarehe za mwisho za karatasi hizi zote ukutani. Kibali kinachoisha katikati ya mwaka unaoombea fedha ni shimo ambalo msomaji ataliona kabla yako.

Kwenye bajeti, mshahara usiandikwe kama kile anachopokea mlezi mkononi. Weka kodi ya PAYE inayokatwa kwenye mshahara, weka asilimia 10 ya mwajiri kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Ufuatiliaji uwe na fungu lake, nauli ya kwenda Napak na kurudi, malazi, na mtu wa kutafsiri Ngakarimojong, kwa sababu Kiswahili na Luganda havitakufikisha mbali ukiwa kwenye manyatta, makazi ya Wakaramoja. Makao mengi huweka fedha zote kwenye vitanda, kisha hushangaa kwa nini hayajui watoto waliondoka kwenda wapi. Na ile "fasilitesheni", yaani fedha wanazopewa maafisa wanaokuja kukagua, kama mfadhili anairuhusu iandike kwa jina lake, kama hairuhusu mwambie afisa mapema. Kuificha kwenye "vifaa vya ofisi" ni kumpa mkaguzi zawadi.

Andiko lenyewe likifika zamu yake, halipaswi kuwa refu. Usibandike picha ya mtoto analia, wala jina lake kamili. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja na atatafuta jina lake mtandaoni. Toa kisa kimoja cha aliyefanikiwa na kimoja cha aliyerudi mtaani, bila majina, kisha acha jedwali liseme.

Ukikubaliwa, usidhani fedha zitafika 1 Julai. Fedha za serikali hutolewa kwa robo, na ile ya kwanza huweza kuchelewa hadi Agosti. Ongea Mei na mwenye nyumba na muuza posho, uandikishiane muda wa kulipa, na usiwaahidi tarehe. Ukinyimwa, usifunge lango siku ya mwisho wa Juni. Mwandikie afisa ustawi mapema na kumpa orodha ya waliobaki, kila mmoja na hali yake: yupi ana amri ya mahakama, yupi yuko kwenye dawa, yupi yuko P7, darasa la mwisho la msingi, na anasubiri mtihani wa Novemba, kwa hiyo asihamishwe shule sasa. Omba kikao naye ndani ya wiki hiyo. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo ofisini. Dirisha la fedha likifunguliwa tena, itaingia kwenye maombi kama kiambatisho.