Faili limefika, lakini ni lile lile?

Wewe unayeanza kazi ya seva, usiridhike na kuambiwa faili limefika. Linaweza kufika likiwa limeharibika, na mashine zote mbili zikakaa kimya.

Mimi nilijifunza hilo nilipotuma faili lililobanwa kwa FTP, njia ya kupeleka mafaili kutoka mashine moja hadi nyingine, kutoka Unix kwenda Windows. Likakataa kufunguka. Nilirudia mara tatu huku nikilaumu laini ya simu, kumbe FTP ilikuwa kwenye hali ya maandishi. Katika hali hiyo, kila baiti ya 10 huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari, na kwa kuwa Windows huuandika mwisho huo kwa baiti mbili, 13 na 10, hiyo 13 huchomekwa kila mahali. Barua ya maandishi haidhuriki. Lakini ndani ya faili lililobanwa, 10 hutokea takriban mara moja katika kila baiti 256, kwa hiyo megabaiti moja huongezeka baiti elfu nne hivi. Ningelinganisha ukubwa wa pande mbili, ningeliona kosa mara ya kwanza. Andika `binary`, ili baiti zisiguswe, kabla ya `put`, amri ya kutuma, kila safari.

Waliotutangulia walikuwa na njia nyembamba zaidi. Barua za UUCP, mfumo wa zamani wa mashine za Unix kupelekeana mafaili na barua, zilipita mashine hadi mashine kwa modemu, na nyingi ya njia hizo zilibeba herufi za biti 7 tu. Biti ya nane ilipotea. Mwaka 1980, Mary Ann Horton akiwa Berkeley aliandika uuencode, programu inayogeuza baiti zozote kuwa herufi za kawaida. Chukua karatasi uifuate mwenyewe. Neno "Mti" ni baiti 77, 116 na 105, yaani biti 24. Zigawe sita sita: 19, 23, 17, 41. Ongeza 32 kwa kila moja: 51, 55, 49, 73. Hizo ni herufi 371I, ambazo barua yoyote inazibeba. Gharama yake ni uzito: baiti 45,000 huwa kama 62,000, ndiyo maana tunabana kwanza, kisha tunasimba.

Hata hivyo baadhi ya mashine zilikata nafasi tupu (ndiyo herufi ya 32, yaani 0 ikiongezwa 32) mwishoni mwa mstari, na zile za IBM zilibadilisha alama kadhaa. Base64, usimbaji uliokuja na MIME, kanuni za barua pepe, mwaka 1992, ilichagua herufi zinazosalimika kokote.

Leo jioni fungua picha yoyote ya PNG kwa `od -An -tu1 -N8 picha.png`. Utaona 137 80 78 71 13 10 26 10. Waliobuni PNG waliziweka baiti hizo makusudi. Biti ya nane ikikatwa, 137 inageuka 9. Mistari ikichezewa, 13 na 10 hazitakaa zilivyokuwa. Kisha itume picha hiyo hiyo kwa FTP katika hali ya maandishi kwenda Windows, uzitazame tena zile baiti nane.