Hukumu ya Kukusanya Sarafu za "Bahati" Zilizozungushiwa Alumini

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Ninaishi Marekani na ninakusanya senti za zamani zilizozungushiwa duara la alumini, nyingine zikiwa na umbo la kiatu cha farasi na maneno yenye maana ya "Nitunze, hutafilisika kamwe". Je, hizi ni hirizi? Kununua senti moja kwa dola tano si riba? Nina duka pia, na nimeshauriwa niagize zenye jina la duka niwagawie wateja.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Sarafu hizi zilienea kuanzia maonyesho ya Pan-American ya Buffalo, New York, mwaka 1901, na wenye maduka na mabenki wakazifanya matangazo: upande mmoja jina la biashara, upande wa pili maneno ya bahati. Basi kwa asili yake ni kitu cha biashara na ukumbusho, na vitu vya namna hiyo ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha.

Dalili hiyo hupatikana pale moyo unapoitegemea sarafu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad kutoka kwa Uqba bin Aamir, kwamba mwenye kutundika hirizi amefanya shirki (kumshirikisha Mwenyezi Mungu), wala haijalishi kama hirizi hiyo ni ya ngozi iliyoshonwa na mganga au ya alumini iliyopigwa chapa kiwandani. Sayyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi lenyewe huku akisema kwamba anajua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, sembuse senti ya shaba! Jipime hivi: ukiipoteza, je, utasikitikia kitu cha thamani kilichopotea, au utaogopa kuwa mkosi umekuingia? La kwanza ni tabia ya kila mwenye kukusanya vitu, na la pili ni ugonjwa wa itikadi. Kwa sababu hiyo nakunasihi uziweke katika albamu au sandukuni, na usiitie mfukoni unapokwenda kwenye usaili wa kazi, kwani kuibeba hivyo kwa kutafuta bahati ndiko kunakoashiriwa na maneno yaliyopigwa juu yake.

Ama suala la riba, yaani kubadilisha fedha kwa fedha ya aina moja kwa kuzidisha, umefanya vyema kuuliza, kwa kuwa senti hiyo bado ni fedha halali ya nchi, na Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilipitisha kwamba fedha za zama hizi zina hukumu za madini ya dhahabu na fedha katika riba. Ipo pia hadithi ya Fadhala bin Ubayd katika Sahih Muslim: alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili, alipokitenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari hizo, na Mtume (s.a.w.) akakataza kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Wanazuoni wa Kishafii wameishika hadithi hii kwa ukali, lakini hao hao wanasema kwamba fulusi (sarafu ndogo) za shaba hazina riba hata zikitumika sokoni. Wanazuoni wa Kihanafi nao huruhusu iwapo bei inazidi ile fedha iliyomo ndani ya kitu, ili ziada iwe thamani ya kile kilichoambatana nayo. Senti yako inajulikana kuwa ni senti moja, na zilizobaki unalipia alumini, kazi ya mikono na uadimu wake. Kwa hiyo naona ununuzi huo unafaa, na anayetaka kujiepusha na shaka abadilishane na mwenzake kwa bidhaa badala ya dola.

Picha ya Lincoln, rais wa zamani wa Marekani, iliyomo kwenye senti isikushughulishe, kwani Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Kirumi zenye sura za wafalme hadi Abdulmalik bin Marwan alipopiga dinari zenye maandishi matupu mnamo mwaka 77 Hijria.

Kuhusu wateja wako, agiza zenye jina la duka, simu na mwaka tu, na umwambie fundi ayaondoe maneno ya bahati pamoja na kiatu cha farasi. Wewe unaweza kuwa huyaamini, lakini mteja anayepewa na Mwislamu huenda akadhani dini yetu inayakubali. Na pengine mzee atampelekea mjukuu wake, naye mama amfungie mtoto mkononi kama hirizi. Kama mzigo umeshafika ukiwa na maneno hayo, usiugawe. Wallahu aalam.