Mnunuzi kwanza, mbegu baadaye

*Nina nusu ekari. Nipande mmea gani wa dawa wenye soko?*

Hapo umeanzia mwisho. Tafuta kwanza mnunuzi, umuulize anataka jani, ua au mzizi, na mzigo mdogo kabisa anaoupokea ni kilo ngapi. Soko hili ni jembamba. Kumbuka pakanga, mmea unaotoa artemisinini ya kutibu malaria. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2001. Kufikia 2004 bidhaa ikaadimika na bei ikapaa, wakulima wakaikimbilia. Ilipofika 2007 maghala yamejaa, bei imeanguka. Mmea ulikuwa uleule, kilichobadilika ni idadi ya waliopanda.

*Mnanaa wangu umekataliwa, eti hauna harufu. Niliuanika juani ukakauka vizuri.*

Jua ndilo lililokuibia. Harufu ya mnanaa ni mafuta, na mafuta hayo huruka yakipata joto. Anika kivulini, juu ya chekeche, tabaka jembamba, hewa ipite juu na chini. Ukitumia kikaushio, usivuke nyuzi 40. Usifunge magunia mpaka jani livunjike ukilifikicha. Likipinda bado lina maji, na ukungu utakuja. Wanunuzi wengi hutaka unyevu usiozidi asilimia 10 hadi 12.

Halafu hesabu: kilo 100 za majani mabichi hukupa takriban 20 za makavu. Wengi hupigia mahesabu uzito wa shambani, kisha hulia kwenye mizani.

*Nikikeneka mafuta mwenyewe si nitapata zaidi?*

Huenda, lakini lita moja ya mafuta ya mchaichai hula kati ya kilo 200 na 500 za majani mabichi, pamoja na kuni na maji mengi. Kwa waridi ndiyo usiseme: kilo moja ya mafuta huhitaji zaidi ya tani tatu za petali. Mtambo wa peke yako utalala njaa. Wakulima kumi wakiuchangia, tutazungumza.

*Magugu machache kwenye mavuno yana ubaya gani?*

Mkubwa. Baadhi, kama yale ya jamii ya Senecio, yana sumu inayoharibu ini, na maabara huinasa hata ikiwa kidogo sana. Shehena nzima hurudishwa. Palilia mara ya mwisho siku chache kabla ya kuvuna, kwa mkono.