Si lazima uwe Rosa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Tunaambiwa tuhusishe riwaya na maisha yetu na jamii. Nimemaliza Rosa Mistika, lakini baba yangu hanywi pombe wala hatupigi. Nihusishe nini?
Msomaji, Geita

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekutaka uwe Rosa. Rudi pale Zakaria, baba wa Rosa, anapomtwanga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Mimi niliisoma sehemu hiyo nikiwa chuo cha ualimu, nikashindwa kuendelea. Baba yangu alikuwa karani wa pamba, mpole, hajapata kuninyanyulia fimbo. Lakini kila barua yangu ilinifikia imeshachanwa ubavuni kwa wembe, taratibu, kisha ikakunjwa upya vizuri. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kwa Zakaria nilimwona baba, si katika kipigo, bali katika ile hofu ya kuwa na binti anayekua.

Kwa hiyo usitafute tukio linalofanana na lako. Anzia palipokuchoma. Pengine ni kwa Regina, mama wa Rosa. Nani kwenu huona mambo akanyamaza, na anaogopa nini?

Ukishapata hapo, toka nje ya nyumba yenu. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliitoa riwaya hii mwaka 1971, na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Watu wazima walikuwa wakiwakinga wanafunzi na nini? Rosa alichungwa mno nyumbani bila kufundishwa lolote, na alipokwenda kusoma mbali akajikuta hana pa kushika. Mimi naona kile kitabu kilizuiwa kwa hofu ileile ya Zakaria. Tena nchi yetu ilisubiri hadi Novemba 2021 kuwaruhusu wasichana waliokatizwa masomo na ujauzito warudi katika shule za kawaida za serikali. Waulize walimu wa siku nyingi hapo shuleni kwenu: watakumbuka madawati yaliyobaki wazi, na majina ya waliokuwa wakiyakalia.

Na usiitupe tofauti uliyoiona mwenyewe. Baba yako hanywi, hapigi. Ilikuwaje asiwe Zakaria? Jioni akishapumzika, mwulize jinsi babu yako alivyomlea, na dada zake je, walilelewa vivyo hivyo? Atakayokuambia yaandike kwenye daftari lako la fasihi, kando ya jina la Zakaria.